Tarakimu Ndogo Haiguswi

Kusawazisha mlinganyo wa kemia, au kupondere kama wasemavyo wanafunzi wa Goma, ni kazi inayoanza kwa katazo: tarakimu ndogo haiguswi. Ile 4 iliyokaa chini katika CH₄ ndiyo inayoifanya methani iwe methani. Ukiifuta na kuweka 3 ili hesabu ikutokee, umeshaandika kitu kingine kabisa. Ruhusa uliyo nayo ni moja, kuweka namba mbele ya fomula. Seremala ana randa, msumeno na gundi. Anayesawazisha mlinganyo hana kingine ila namba hiyo.

Ndiyo maana nafurahi kumtazama mwalimu asiye na haraka. Mpe butani, gesi ya kupikia. Anaandika C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O, kisha anasogea nyuma kidogo autazame ubao. Oksijeni anaiacha kwanza, kwa kuwa imo ndani ya CO₂ na imo ndani ya H₂O, na anayeanza nayo atafuta na kuandika mpaka kengele ilie. Anaanza na kaboni: ziko 4, basi 4 mbele ya CO₂. Hidrojeni ni 10, basi 5 mbele ya H₂O. Sasa ndipo anahesabu oksijeni za kulia, 8 na 5, zinakuwa 13. Kushoto oksijeni huja mbili mbili, na 13 haigawanyiki kwa mbili. Mwenye papara hapa hukimbilia tarakimu ndogo. Fundi anaandika 13/2 bila aibu, halafu anazidisha mlinganyo wote mara mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Anakagua. Kaboni 8 kwa 8, hidrojeni 20 kwa 20, oksijeni 26 kwa 26. Wengi huuruka ukaguzi huu, nami naupenda kuliko hatua zote.

(Ipo pia njia ya herufi, a, b, c, d, zikishika nafasi ya namba zisizojulikana. Ni sahihi, na kwa milinganyo mirefu inaokoa. Kwa butani inanichosha: inakupa jibu bila kukuonyesha atomi zimepita wapi.)

Nyuma ya yote hayo iko mizani ya Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyekatwa kichwa mjini Paris mwaka 1794. Alipima kinachoingia na kinachotoka, akaona uzito haupotei.

Goma ina mazoezi yake yenyewe. Katika vilindi vya Ziwa Kivu, lililo kando yake, zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kabonidioksidi. Sehemu ya methani hiyo imetengenezwa na vijidudu: CO₂ + 4H₂ → CH₄ + 2H₂O. Ng'ambo, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt ulizinduliwa mwaka 2016 kuichoma methani hiyo na kutoa umeme: CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Andika milinganyo hiyo miwili mmoja juu ya mwingine, ijumlishe, kisha ufute kilichopo pande zote mbili. Methani inaondoka, kabonidioksidi inaondoka. Kinachobaki ni 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O. Kumbe kilichoungua ni hidrojeni, na kaboni ilikuwa mchukuzi tu.

Jikoni kuna makala, yaani makaa. Hewa ikitosha, C + O₂ → CO₂. Mlango na dirisha vikifungwa, 2C + O₂ → 2CO, ile gesi inayoua watu usingizini. Milinganyo yote miwili imesawazishwa bila kosa. Ubao hauwezi kukuambia ni upi unaotokea chumbani mwako.

Uzito wa gesi, lakini, ubao unakuambia. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za kabonidioksidi, kwa hiyo gesi inayotoka ni nzito mara tatu na zaidi kuliko makala yaliyoungua. Kiasi kilekile cha molekuli za hewa kina uzito wa gramu 29 hivi. Ndiyo maana kabonidioksidi inayotoka ardhini kuzunguka volkano ya Nyiragongo hutulia kwenye mabonde madogo ya lava, na hayo ndiyo mazuku. Aliyejumlisha 12 na 32 kwa mkono wake ataelewa kwa nini mbuzi aliyeinamisha kichwa shimoni hufa, ilhali mchungaji aliyesimama juu ya ukingo bado anapumua.