Kurasa 40 Zilizokuwa 88

Kazi yangu kubwa ya kwanza nikiwa mfasiri wa kujitegemea ilikuwa dodoso la utafiti wa afya, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwenye stesheneri mmoja wa Mwenge, Dar es Salaam, ndiye aliyeniunganisha na mtafiti. Tulipatana kwa simu: kurasa 40, shilingi 8,000 kila ukurasa, jumla 320,000, kazi iishe ndani ya wiki mbili. Nilikata simu nikishangilia. Faili lilipoingia jioni nikaziona kurasa zenyewe: herufi ndogo, mistari imebanana, majedwali yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Niliifanya kwa siku 11, asubuhi hadi usiku. Nilipoimaliza ndipo nikapata akili ya kuhesabu maneno ya faili lile la Kiingereza. Yalikuwa 22,000. Ukurasa wa kawaida, wenye herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari, hubeba maneno kama 250. Kwa kipimo hicho nilikuwa nimetafsiri kurasa 88, ambazo kwa bei yangu ileile zingenipa shilingi 704,000. Shilingi 384,000 zilipotea kabla sijaandika neno la kwanza, na hakuna aliyenidhulumu. Mteja alitaja kipimo, nami nikakikubali bila kukitazama.

Nimewaona vijana wenye Kiswahili kizuri kuliko changu wakiiacha kazi hii ndani ya mwaka mmoja, na karibu kila nilipowadadisi nilikuta mahali palepale: walipatana bei kabla ya kuona mzigo. Ndiyo maana nakichambua kipimo kwanza, kabla ya kusema lolote juu ya kutafuta wateja.

Kwa Dar es Salaam, bei ya ukurasa imetoka kwenye stesheneri. Mtu anayepeleka barua au tasnifu kuchapwa hulipa kwa ukurasa, na akihitaji tafsiri anakuja na kipimo hichohicho mkononi. Mchapaji hakiogopi sana, kwa sababu anachouza ni ukurasa uliotoka kwenye mashine. Mfasiri anauza kitu kingine. Ukurasa uliobanwa unaweza kubeba maneno 550, ule wa nafasi mbili ukabeba 250, na bei ikabaki moja.

Basi nikahamia kwenye neno. Shilingi 8,000 ukizigawa kwa maneno 250 unapata shilingi 32 kwa neno, na hiyo ndiyo bei niliyoanza kuitaja. Swali likawa: neno la upande gani? Wanaoanza wengi huhesabu Kiswahili walichokiandika. Mimi nahesabu matini chanzi, yaani lile faili la mteja. Lugha yetu hufunga mambo mengi ndani ya neno moja: "hatukuwaona" ni neno moja kwetu, Mwingereza anahitaji matano. Upande mwingine, istilahi ya Kiingereza ya maneno mawili inaweza kutudai manne au matano, kwa sababu ya "ya" na "wa" zetu. Jumla ya Kiswahili haitabiriki mpaka kazi iishe. Ya chanzi inaonekana mapema, na mteja anaweza kuihakiki mwenyewe kwenye kompyuta yake. Hiyo peke yake imeniondolea mabishano mengi.

Kuhusu wateja, soko la hapa lina milango kadhaa, na haifanani. Stesheneri huleta vyeti, barua na katiba za vikundi. Utajifunza sura za nyaraka nyingi, lakini bei utapangiwa. Cheti kinachohitaji kuthibitishwa rasmi, wengi hukipeleka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Usishindane na muhuri wake. Ofisi za mawakili zina kazi zaidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi hiyo inadai mtu aliyekaa na istilahi za sheria kwa muda, na anayeanza asikimbilie mikataba ya watu kwa kukisia.

Mlango ulionilisha ni wa watafiti. Utafiti wa afya unaohusisha watu lazima upite kwenye kamati za maadili, na mshiriki lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kukubali. Kwa hiyo utafiti mmoja huja na familia nzima ya nyaraka: fomu ya ridhaa, fomu ya ridhaa ya mzazi, dodoso, mwongozo wa mahojiano. Kamati ikiagiza marekebisho, nyaraka zinarudi kwako. Mteja mmoja wa aina hiyo anakufaa kuliko watu 20 wa cheti kimoja kimoja.

Hapo ndipo nilipojifunza pia kuitetea bei. Mtafiti mmoja aliniambia, "Mwalimu, Kiswahili si sote tunakijua? Mbona unanitoza hivyo?" Nikamwuliza angekiitaje kile kidonge wanachopewa baadhi ya washiriki, kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Akajibu pale pale, "Dawa bandia." Nikamwambia, "Daktari, mama wa kliniki akisikia dawa bandia atakumbuka zile zinazokamatwa madukani na kuteketezwa. Atabeba mwanawe aondoke." Tukalitazama na neno la pili. Rasimu yake ilisema washiriki watagawanywa makundi "kwa bahati nasibu". Kwa mtu wa kawaida bahati nasibu ina mshindi na zawadi. Nilipendekeza tueleze kwamba kundi la kila mtu litapatikana kama kwa kurusha shilingi, bila daktari wala mshiriki kuchagua. Hakuuliza tena habari ya bei.

Katika kazi za namna hii huwa kuna mfasiri wa pili asiyeiona matini ya awali. Yeye hukirudisha Kiswahili chako kwenye Kiingereza, kisha matoleo mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Wengi walio wageni wa kazi hii huichukia hatua hiyo. Mimi naiheshimu mno. Imenifundisha kuliko darasa lolote, na ripoti ya ulinganisho ukiitunza inakuwa ushahidi wa ubora wako kwa mteja anayefuata, baada ya kuomba idhini na kufuta majina.

Yanabaki masharti, nayo nayaandika kwenye barua pepe fupi kabla ya kugusa faili. Nusu ya malipo hutangulia. Nilifika hapo baada ya taasisi moja kunikalisha miezi mitatu nikisubiri hundi, huku kodi ya chumba ikiwa haisubiri. Barua hutaja tarehe ya toleo la faili ninalolitafsiri, kwa sababu watafiti hubadilisha maswali katikati ya kazi. Kila neno jipya au lililobadilishwa baada ya toleo hilo hulipiwa. Hutaja pia kwamba marekebisho ya lugha kwenye kazi yangu ni bure. Kosa langu ni mzigo wangu.

Taasisi nyingi zitadai namba ya mlipakodi, TIN, ambayo Mamlaka ya Mapato, TRA, huitoa bila malipo. Ichukue mapema. Jiandae pia kwa kodi ya zuio: mlipaji hukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuiwasilisha TRA. Kwa ankara ya 704,000 hiyo ni 35,200. Dai hati yake, maana fedha hiyo huhesabika kwenye kodi yako ya mwaka, na bila hati huna cha kuonyesha.

Kwa vifaa, usikope. Kompyuta ya kawaida inatosha, pamoja na OmegaT, programu ya bure inayotunza kila sentensi uliyokwisha kuitafsiri na kukuletea tena inapojitokeza. Fomu za ridhaa hujirudia sana: kushiriki ni hiari, unaweza kujitoa wakati wowote, majibu yako ni siri. Baada ya tafiti tatu nne nilikuwa nazipata sentensi hizo zikiwa tayari, na muda uliobaki nikautumia kwenye zile ngumu. Faharasa ya istilahi naiweka kwenye jedwali, kila neno na mahali nilipolitumia.

Wewe unayesubiri simu ya kwanza, mteja akikuuliza bei, mwombe akutumie faili. Lifungue, hesabu maneno, soma kurasa mbili za katikati, ndipo umjibu kwa maandishi siku hiyohiyo. Mimi bado nalitunza lile dodoso la kurasa 40, na kila kijana anayekuja kwangu kujifunza kazi, ndilo nampa ahesabu.