Chungu Kisicho na Jina: Maonyesho ya Ufinyanzi, Kutoka Kitale Hadi Japani

Mwaka 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake ya binafsi huko Kitale. Mwaka huo huo, huko Japani, Yanagi Sōetsu na wafinyanzi Hamada Shōji, Kawai Kanjirō na Tomimoto Kenkichi walitoa tangazo la kudai makumbusho ya sanaa za watu wa kawaida. Hayo yalifunguliwa Tokyo mwaka 1936. Ya Stoneham, aliyefariki mwaka 1966, yaliachiwa serikali ya Kenya, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974.

Stoneham alikuwa mkusanyaji wa wadudu, wanyama na vitabu. Mdudu hutambulishwa kwa jamii yake na mahali alipokamatwa. Chungu kikionyeshwa kwa mtindo huo, huwa ni cha Wabukusu au cha Wapokot, cha maji au cha busaa. Hakiwi kamwe cha fulani.

Yawezekana kujibiwa kwamba Yanagi naye alimsifu fundi asiye na jina. Ni kweli. Lakini Hamada alipoacha kutia alama yake katika vyombo, alikuwa na jina la kuacha. Mwaka 1955 taifa lake likamtunuku kama hazina hai. Kutotajwa kwa hiari ni unyenyekevu. Kutotajwa kwa sababu hakuna aliyeuliza ni hasara.

Hoja hii haiko mbali na Kenya. Mwaka 1920 Hamada na Bernard Leach walijenga tanuri St Ives, Uingereza. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, baadaye alianzisha chuo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, na huko ndiko Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikokwenda kujifunza katika miaka ya 1970. Odundo hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, husugua udongo hata ung'ae, kisha huuchoma ukawa mwekundu au mweusi. Mbinu hizo ni jamaa za zile za wafinyanzi wa vijijini. Tofauti ni kwamba chombo chake husimama makumbushoni pamoja na jina lake.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Lubukusu imehifadhi kitenzi -bumba, kufinyanga. Mzizi huo huo wa Kibantu ndio uliozaa -umba ya Kiswahili: Muumba, kwa asili ya neno, ni mfinyanzi. Kiswahili kimelipandisha neno hilo mbinguni, kikaacha udongo kwa -finyanga. Hata hivyo hakikosi istilahi za uhakiki: chungu kina mdomo, shingo, bega, tumbo na kitako, nacho huhukumiwa kwa uwiano wa viungo hivyo.

Basi kibandiko cha makumbusho ni matini, na yapasa kihakikiwe kama matini. Wanafunzi wa lugha wanaokwenda Bungoma kukusanya methali wangeweza pia kukusanya majina ya udongo, ya vyombo na ya waliovifinyanga, wakiwa hai bado wa kuyataja. Sufuria na mitungi ya plastiki haiwasubiri.