Karatasi ya Wapiga Kelele

Aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anaijua karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, monita husimama mbele na kalamu yake. Jina likirudiwa huwekewa alama, likirudiwa tena huongezewa nyingine, na mwalimu akirudi huhesabu viboko kwa kufuata alama zile.

Julai iliyopita, katika shule moja nje kidogo ya mji wa Iringa, nilimwona mwalimu akikabidhiwa karatasi hiyo. Baridi ilikuwa inauma, watoto wameingiza mikono ndani ya mikono ya masweta. Mama yule aliikunja bila kuisoma, akaiweka katikati ya daftari la mahudhurio, akaendelea na hesabu za sehemu. Darasa zima likawa kimya. Saa nne, wengine walipokimbilia uji, aliifungua peke yake, kisha akamwita mvulana mmoja, wakaketi wawili chini ya mparachichi. Waliyosemezana sikuyasikia. Niliona tu kwamba kabla ya kufungua kinywa, mwalimu alimfunga yule mtoto kifungo cha sweta kilichokuwa wazi.

"Mwenye alama tatu ana jambo, mwanangu," aliniambia baadaye. "Huyo huulizwa."

Nilimuuliza amejifunza wapi. Akanitajia Mathayo 18, basi. Ni ile sura ambamo Kristo anaagiza kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza mkiwa wawili peke yenu. Asiposikia, uende na shahidi mmoja au wawili. Na kanisa liambiwe baada ya hapo. Nimeisikia ikihubiriwa tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba ni utaratibu wa darasani. Shule zetu huanzia mwisho wake. Mtoto hutolewa mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, na wala hakuna aliyekwisha kuketi naye.

Nilimkumbuka mwalimu wangu wa Rungwe. Nilikuwa darasa la tano nilipoiba mahindi mabichi katika shamba la shule, na jioni ile nikamwona anakuja nyumbani kwetu, koti begani. Nilijua nimekwisha. Alimwamkia bibi yangu, akaketi na baba, akanywa chai, wakazungumza habari za mvua na bei ya ndizi mpaka giza likaingia. Hakunitaja. Baba akaniambia nimsindikize. Tulitembea kimya katikati ya migomba, na tulipofika njia panda akasema, "Kesho nitakuhitaji shambani," akaenda zake. Kesho yake tulipalilia matuta mawili, lake na langu, sambamba. Nilipomaliza langu nililia na kumweleza kila kitu. Aliomba nami pale pale, jembe mkononi, akanituma nikanawe. Sijawahi kuiba tena, na baba yangu alifariki bila kujua.

Ufundi huu wa kumrudi mtoto ulikuwa na karakana yake, nayo ni shule za misheni. Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Wabenediktini wakaja Tosamaganga kabla karne ile haijaisha. Sisemi shule za misheni zilikuwa pepo, kwa maana kiboko kilikuwapo na wazee wetu walikijua. Lakini mwalimu wa siku zile mara nyingi alikuwa pia mwinjilisti au mzee wa kanisa. Alichimba kaburi pamoja na baba wa mtoto, aliongoza nyimbo Jumapili, alijua nyumba ipi imelala njaa. Mtoto alipoingia darasani alikuwa amekwisha kujulikana.

Siku hizi tunajuana kwa namba za mtihani. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na viandikwe kitabuni. Hata hivyo Oktoba 2016 nchi nzima ilitazama video ya walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari ya Mbeya Day kwa ngumi na mateke. Kilichoniumiza zaidi ni kuwasikia Wakristo wenzangu wakiwatetea kwa ule mstari wa Mithali kuhusu fimbo. Waulizeni wafugaji wa Usangu fimbo ya mchungaji ni ya nini. Humzuia mnyama asitumbukie korongoni, na humkabili fisi. Mchungaji anayerudi jioni na kondoo wanaochechemea kwa kipigo chake hapewi kundi tena.

Najua jibu la walimu: watoto ni wengi. Ni kweli, na serikali inapaswa kulisikia. Lakini mama yule naye hakuwa na darasa dogo. Kila dawati lilibeba watatu, na wa mbele waliketi sakafuni. Hakuita wote chini ya mparachichi, aliita mmoja kwa siku. Aliniambia kwamba alfajiri, kabla hajawasha moto, huliombea daftari la mahudhurio jina kwa jina, na mara nyingi kidole chake husimama juu ya jina la atakayemwita.

Desemba anatimiza miaka 60, na utumishi wa umma unamtaka astaafu. Nilimuuliza atamwachia nani darasa, akasema hajaambiwa. Siku tatu nilizokuwa pale, sikuona mwalimu kijana hata mmoja aliyekuja kuketi nyuma ya darasa lake amtazame.