Tundu Katikati ya Sarafu

Wazee wengi wa Litein na Sotik bado wanazo ndani ya makopo: senti kumi za shaba iliyochanganywa na bati, pana kuliko sarafu yoyote tunayobeba mfukoni leo, zenye tundu katikati. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, kabla tu mashamba makubwa ya chai hayajafunguliwa Kericho, kwa hiyo wachumaji wa kwanza wa majani waliijua vizuri pesa hii. Mtu asiye na mfuko alizitunga kwenye kamba.

Kwa mchongaji wa muhuri, tundu hilo lilikuwa mtihani mkubwa. Tangu enzi za Roma, shaba ya serikali ilibeba kichwa cha mtawala, na kichwa ndicho kilichojaza duara. Hapa mahali pa kichwa palikuwa wazi. Alifanyaje? Upande mmoja aliweka taji juu ya tundu, na jina la mfalme akalizungusha pembeni kwa Kilatini, lugha ileile ya Warumi: REX ET IND. IMP., mfalme na kaisari wa India. Upande wa pili alichonga pembe mbili za ndovu, moja kila upande, zimepinda sawasawa na mviringo wa tundu. Ziangalie taratibu. Pembe zinalifanya tundu lionekane kama lilikuwapo kwa ajili yao, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi huyo.

Ndovu hakuwa alama ngeni. Kaisari Hadrian, aliyetawala kuanzia 117 hadi 138, aligonga sarafu zinazoonyesha Afrika kama mwanamke aliyejilaza, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga na pembe vikichomoza juu ya paji la uso. Mrumi alimvika mtu mnyama. Fundi wa senti kumi aliwaondoa wote wawili, akabakiza pembe tupu. Ni mchoro mzuri, na pia ni ungamo: hiyo ndiyo bidhaa iliyowaleta wafanyabiashara bara kabla ya chai.

Kenya ilipogonga sarafu zake mwaka 1966, tundu likazibwa na kichwa cha Jomo Kenyatta kikachukua nafasi. Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote, na tangu 2018 shilingi ishirini ina ndovu mzima.

Lakini anayefungua kopo la babu atafute kwanza zilizoandikwa 1936, kisha asome jina. Mfalme Edward wa Nane alijiuzulu Desemba mwaka huo, na Waingereza hawakupata kutumia madukani kwao sarafu yenye sura yake. Senti zetu hazikuhitaji sura. EDWARDVS VIII likachongwa kuzunguka tundu, sarafu zikasafirishwa, zikatumika sokoni kama nyingine zote.