Disiki ya mwisho ya Mwenda wa Bayeke: tunaipendea nini?



Hapa kwetu Kolwezi tunapenda sana disiki za mwisho. Franco alipokufa tarehe 12 Oktoba 1989, wazazi wetu walirudia kaseti zake kama watu wanaotafuta neno ambalo marehemu aliacha. Wenge Musica ilipovunjika mwaka 1997, sisi vijana wa wakati ule tuligawanyika, huyu upande wa JB Mpiana, yule upande wa Werrason. Lakini jioni tulikuwa tunasikiliza pamoja kaseti za wakati walipokuwa bado kundi moja, na kila mtu alidai kwamba anasikia ugomvi ndani ya sauti. Ukweli ni kwamba siku kaseti zile zilipotoka hakuna aliyesikia ugomvi wowote; tulikuwa tunacheza tu. Ugomvi tuliutia sisi wenyewe, baadaye.

Nimeanza na hayo kwa sababu nataka kuzungumza juu ya disiki moja ya mwisho ambayo inatuhusu sisi wa Lualaba kupita zile za Kinshasa.

Mwenda wa Bayeke, ambaye wazee wanamkumbuka kwa jina la Jean-Bosco Mwenda, alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Msiri, katika teritwari ya Lubudi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wa "Masanga" ukatoka hapo, ukatembea dunia nzima, na mwaka 1969 mwenyewe akapiga mbele ya watu wa Newport, Marekani. Disiki yake ya mwisho ya studio alirekodi Afrika Kusini mwaka 1988. Kampuni ya Rounder ya Marekani iliitoa tena katika CD mwaka 1994, kwa jina African Guitar Legend: The Studio Album. Mwenda hakuiona CD hiyo. Alikufa Septemba 1990 katika ajali ya motokari huko Zambia.

Mimi niliipata kwa kuchelewa, ndani ya flashi ya rafiki aliyetoka Lubumbashi. Nyumbani kwetu hapakuwa nayo, wala kwa majirani kambini. Nilipoanza kusoma yaliyoandikwa na wapenzi wake wa ng'ambo nilishangaa. Wengi wanaiita wasia. Wanasema katika sauti ile wanamsikia mzee anayeaga.

Tusikilize vizuri. Nyimbo nyingi za disiki hii ni zile za ujana wake, na "Masanga" iko ndani. Mtu wa miaka 58 anarudia kazi ya kijana wa miaka 22. Katika rekodi ya 1952 vidole vinakimbia, kidole gumba kinashika chini na kidole cha shahada kinacheza juu, unaapa kwamba wapigaji ni wawili. Katika rekodi ya 1988 vidole ni vilevile viwili, lakini sikio langu linasikia mtu asiye na haraka tena. Sauti imeshuka na imekuwa nzito. Kuna mahali kijana alijionyesha, mzee anapita taratibu. Mwenye kutafuta maajabu arudie rekodi ya 1952, hilo lazima tulikubali. Ile ya studio ni safi, pengine safi kupita kiasi, maana kelele ya njia ya Jadotville haimo tena, na kelele ile ilikuwa sehemu ya muziki.

Lakini kuaga mimi sisikii. Mwenda hakujua kwamba baada ya miaka miwili atakufa njiani. Alikwenda studio kama fundi anayekwenda kazini. Na wapenzi wakiita kazi ile wasia, wanamnyima heshima moja kubwa, ya kuwa mutu wa kazi mpaka mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wanalipita kimya. Mwaka 1988 Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya apartheid, na wanamuziki wengi wa dunia walikataa kwenda kupiga huko. Mwenda alikwenda. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza wazi: "Prof, sasa huyu muzee alikuwa upande wa nani?" Sikumjibu haraka. Nilimwambia kwamba tangu reli ya Benguela ilipofungwa kwa vita mwaka 1975, sehemu kubwa ya shaba yetu ilikuwa inateremka kwa treni mpaka bandari za Afrika Kusini. Kolwezi nzima ilikula kwa njia ile. Gitare ya Mwenda ilifuata njia ya shaba. Hiyo haimfanyi mtakatifu, lakini sisi tuliokula kwa shaba ile hatuwezi kuwa waamuzi wake wa kwanza.

Na hapa ndipo disiki hii inanigusa mimi mwenyewe. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Septemba 1990, mwezi uleule aliokufa Mwenda, mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30,000. Nilikuwa mtoto, nikaona baba anarudi bila mshahara na redio ya nyumbani inauzwa. Kwa hiyo nikisikia rekodi ya 1988 nasikia kambi wakati taa zilikuwa bado zinawaka. Mnaona? Na mimi nafanya kilekile ninachowalaumu watu wa ng'ambo. Naweka ndani ya disiki machozi ambayo mpigaji hakuyaweka.

Tofauti ni hii: wale wa ng'ambo, pamoja na machozi yao, wanajifunza pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft aliandika gitare ya Mwenda kwa alama za muziki, noti kwa noti, na mpaka leo kuna wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanaoshinda wakitafuta "Masanga" kwa vidole viwili. Sisi tunasema "Mwenda ni wetu", kisha tunafunga mdomo. Katika darasa langu la wanafunzi 50 na zaidi, waliokuwa wanajua jina lake walikuwa wanne. Mmoja aliniambia: "Prof, ile muziki ya bazee inaleta busingizi."

Wengine katika chama chetu wanasema gitare si mila, ilikuja na Wazungu. Nawauliza: na Bayeke je? Hawakutoka Unyamwezi, wakaja na biashara zao, wakawa wenyeji? Kitu kinakuwa cha mila pale baba anapokionyesha kwa mtoto na mtoto anakishika. Kama hakuna anayekishika, hata kikiwa cha Msiri mwenyewe kimekwisha.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama si kufanya sikukuu nyingine ya kumlilia marehemu. Tumtafute mzee mmoja anayejua bado upigaji ule, Likasi au Bunkeya, tumlipe usafiri, akae wiki mbili na watoto wetu. Nyimbo zilezile za disiki ya mwisho zinafaa kwa kazi hiyo kuliko za 1952, kwa sababu mzee hakimbii. Mwanafunzi anaweza kumfuata.

Muhula uliopita nilijaribu kidogo, mimi nisiyejua gitare. Niliweka "Masanga" ya 1988 kwa simu, darasani, baada ya masomo. Walibaki saba. Yule wa busingizi alikuwa na gitare aliyoitengeneza kwa bidoni ya mafuta na nyuzi za breki za kinga. Siku ya tatu alishika mwendo wa kidole gumba. Wa kidole cha pili bado unamshinda, na kila siku ya tano ananidai simu.