Msalaba wa Shaba na Kinywa cha Mfanyakazi

Mwaka wa 2017 mwana wa mji wetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi katika 1978, alitoa filme yenye jina Tales of the Copper Cross Garden, ni kusema Masimulizi ya Bustani ya Msalaba wa Shaba. Iliwekwa mbele ya watu mbali na kwetu, katika maonyesho makubwa ya documenta 14. Lakini inasema juu ya mji wetu na juu ya Eklezya yetu. Inafaa basi tuipime.

Tunaona nini? Kiwanda cha Lubumbashi kinachovuta shaba kuwa nyuzi. Shaba inatoka motoni nyekundu, wafanyakazi wanaiongoza. Pamoja na kazi hiyo tunasikia nyimbo za kanisa. Maneno ya mwandishi Mudimbe yanapita mbele ya macho yetu; yametoka katika kitabu chake cha 1994, ambamo alisimulia namna alivyolelewa na Wabenedikto. Yeye mwenyewe aliyaita malezi yale bustani.

Na msalaba? Mbele Wazungu hawajafika, mababu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la msalaba. Ilikuwa feza ya biashara na mali ya ndoa, Kalvario haikuwamo. Kisha, mjini Elisabethville, Padri Anschaire Lamoral, Mbenedikto, aliunda kundi la watoto waimbaji, Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, na msalaba wa shaba ukalala kifuani mwao. Wakati uleule Union Minière, iliyoanzishwa katika 1906, ilichimba shaba ya inchi na kuipeleka ng'ambo.

Baloji hakati hukumu. Anaweka wimbo karibu na moto, anatuachia ulizo: mtoto yule alivaa ishara ya wokovu ao alama ya kompani? Wengine watasema kwamba anawatukana wamisionere. Sisi tunasema hapana. Ulizo hili ni la haki, na padri anayelikimbia hataweza kusema na vijana waliozaliwa katika kambi za wafanyakazi. Tujibu bila woga: watoto waliomba kweli, na shaba iliondoka kweli. Jambo moja halifuti lingine.

Lakini tunaona upungufu mmoja mkubwa. Katika filme hii wafanyakazi wana mikono, hawana kinywa. Anayewasemea ni mwalimu mwenye elimu nyingi, aliyeandika Kifaransa cha wenye elimu. Mji huu umejengwa katika Kiswahili! Katika 1965 maboyi wa zamani wa Elisabethville walipata kitabu chao, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav. Ni historia ya mji kwa Kiswahili cha mji, na ndani yake boyi anampima bwana wake. Hawakungojea mwenye diploma awasemee. Filme ingelikuwa na nguvu zaidi kama mzee mmoja wa namna ile angelikaa mbele ya moto ule, akasema anachokumbuka.

Ninyi waseminari na wakatekista, wengi wenu mnashika simu inayopiga picha. Katika parokia zetu za Kenya, Katuba na Kamalondo, tafuteni wazee walioimba katika kanisa mbele ya uhuru wa 1960. Mtoto wa miaka kumi wa wakati ule sasa amepita miaka sabini na mitano. Mwulizeni kwa Kiswahili: msalaba kifuani ulikuwa na maana gani kwako? Baba alifanya kazi wapi? Nyumbani mlikula nini? Mwacheni anyamaze akitaka kunyamaza. Msifunike uso wake kwa maandishi yenu. Andikeni jina lake, parokia na mwaka.

Nyimbo zimehifadhiwa. Waimbaji wanatuacha, mmoja mmoja, na sisi ndio tunaowazika.