Hakuna Anayesema "Niongezee"

Mtoto mwenye njaa anayejulikana zaidi katika fasihi ya Uingereza ni Oliver Twist, na anakumbukwa kwa jambo moja tu: alimaliza uji wake, akainuka na bakuli, akaomba aongezewe. Charles Dickens alianza kuichapisha stori hiyo mwaka 1837. Wakubwa wa ile nyumba ya maskini walishtuka kana kwamba kijana ameiba. Hapo ndipo Dickens anapotushika. Ukimwangalia Oliver hujiulizi utampa nini. Unajiuliza ni nani aliyepima huo uji.

Nilimkumbuka Oliver nikisoma The Shed That Fed a Million Children, kitabu cha Magnus MacFarlane-Barrow kilichotoka 2015. Magnus ni mtu wa Dalmally, kijiji cha Uskoti. Mwaka 1992 yeye na ndugu yake Fergus walikusanya misaada wakapeleka Bosnia wakati wa vita, na vitu vilipozidi kuletwa vikajazwa kwenye banda la baba yao. Hilo ndilo banda la kwenye jina la kitabu. Mwaka 2002 akafika Malawi wakati wa njaa, akakutana na mama aliyekuwa anakufa kwa ukimwi, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Kifungua mimba, Edward, wa miaka 14, aliulizwa anatamani nini maishani. Akataja vitu viwili: chakula cha kutosha, na shule. Kutokana na jibu hilo likazaliwa shirika la Mary's Meals. Lilianza na watoto 200 hivi. Sasa linapika katika nchi nyingi, na hata hapa kwetu, kule Turkana.

Wacha niseme mapema: kitabu kinasomeka, na wazo lake ni zuri. Chakula kinapikwe palepale shuleni, kila siku ya masomo, na wapishi wawe wazazi wa kijiji wanaojitolea. Mtoto aje kwa sababu ya uji, abaki kwa sababu ya masomo. Kitabu kilipotoka, kumlisha mtoto mmoja mwaka mzima kuligharimu chini ya pauni 20. Magnus mwenyewe hajipaki rangi ya shujaa. Ni Mkatoliki wa dhati, hafichi, na anashangaa kweli kwamba mambo yamefika yalipofika. Anayesoma kitabu hiki akitafuta tapeli atarudi mikono mitupu.

Shida yangu iko kwenye uandishi. Nikikifunga kitabu, watu wa Uskoti nawakumbuka mmoja mmoja, kila mtu na kituko chake. Wale kina mama wa Malawi, wanaoamka usiku kuwasha kuni na kukoroga likuni phala kwenye sufuria kubwa, nawakumbuka kama kundi. Wanaheshimiwa, lakini ni kundi. Na watoto nawakumbuka kama vikombe vya plastiki vya buluu, na tabasamu. Hakuna anayenuna. Hakuna anayesema uji leo umeungua. Hakuna Oliver.

Si kosa la Magnus peke yake. Ni sheria ya aina hii ya uandishi. Msomaji ndiye mfadhili, na mfadhili hagombezwi. Kwa hivyo mtoto anaruhusiwa hisia mbili: huzuni kabla ya kikombe, shukrani baada ya kikombe. Sauti hiyo naijua. Kabla sijaacha chuo niliandika barua nyingi za kuomba basari, na ukiandika ya tatu unashika mdundo: taja yatima, taja ndoto, malizia na Mungu awabariki. Usithubutu kuuliza karo ilipanda kwa nini.

Shule yangu ya msingi tulikula githeri ya wafadhili. Darasani kulikuwa na kijana mmoja ambaye kila siku aligonga sahani na kijiko akisema "niongezee". Mpishi alimcheka, akamwongezea. Siku ya wageni alipelekwa nyuma kabisa ya laini, na sisi wenye meno mazuri tukawekwa mbele tuimbe. Wageni walipiga picha. Yule ndiye aliyekuwa na jambo la kuwaambia: githeri haitoshi. Lakini hayumo kwenye picha hata moja.

Mwaka 1906 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuziruhusu halmashauri kuwalisha wanafunzi. Sisemi ni Oliver aliyeileta. Nasema njaa ya mtoto wa Kiingereza ilifika bungeni ikawa hoja ya kodi, na njaa ya mtoto wa Malawi inafika Uskoti kama ombi. Anayedai ana haki ya kulalamika, anayeombewa hana.

Ndiyo maana stori ya Wawira Njiru inanivutia zaidi, ingawa sijaona bado kitabu chake. Food4Education aliianzisha 2012 huko Ruiru. Tangu 2023, kwa mpango wa Dishi na County hapa Nairobi, mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani na mtoto anagusisha bangili yake kwenye mashine kabla ya kupakuliwa. Pesa nyingine inatoka kaunti na kwa wafadhili, kwa hivyo tusijidanganye kwamba shilingi 5 inalipia mchele. Lakini aliyelipa shilingi 5 anaweza kusema mchele hauna chumvi. Anaweza pia kumuuliza gavana.

Mtaniambia, na ni kweli, kwamba kuna boma Turkana ambapo wakati wa kiangazi hata hiyo 5 haipo, na mtoto wa pale hali nadharia yangu. Kikombe cha buluu kiende, na mwenye pauni zake atoe. Mimi si mhasibu wa shirika, mimi ni msomaji, na kama msomaji nina haki ya kudai. Edward alijibu swali aliloulizwa, na jibu lake limezunguka dunia. Natafuta kitabu ambacho yeye ndiye anauliza: nani alipima, kwa nini kikombe kimoja, na kesho msipokuja nimwendee nani? Kitabu hicho kitachangisha pesa kidogo. Lakini ndani yake Edward atakuwa mtu mzima mzima, kama Oliver.